Umejuaje? Neno kwa Wazazi juu ya Kazi ya Hesabu ya Nyumbani



Katika nyumba nyingi za miji na vijiji vyetu, mwanafunzi anapofunga daftari lake jioni huulizwa swali moja tu: "Umemaliza?" Naye hujibu: "Ndiyo, nimemaliza." Mzazi huridhika, taa huzimwa, na siku inayofuata daftari hupelekwa shuleni. Maoni yangu ni kwamba swali hilo halitoshi. Tena, kwa upande wa kazi ya hesabu, linaweza kumdhuru mtoto, kwa maana linamfundisha kwamba kujaza ukurasa ni sawa na kujua. Swali linalofaa ni lingine, nalo ni fupi vilevile: "Umejuaje?"

Nasema hivyo kwa sababu kazi ya nyumbani ya aljebra haikutolewa ili jibu lipatikane. Ndivyo ilivyo pia kwa kazi ya kalkulasi, ile ambayo vijana wa madarasa ya mwisho ya sekondari huianza kwa kujifunza juu ya limiti na derive. Mwalimu analijua jibu tayari, na mara nyingi limechapwa kwenye kurasa za mwisho za kitabu. Hakuna mtu duniani anayengoja kuambiwa kwamba x ni 11. Anayengojewa ni kijana mwenyewe: kijana awezaye kusimama mbele ya jambo asilolijua, akatembea hatua kwa hatua mpaka alijue, kisha akaonyesha kwa nini kila mwenye akili timamu yampasa kukubaliana naye. Asipoitembea njia hiyo, daftari limejaa lakini yeye amebaki palepale alipokuwa.

Hali ilivyo twaifahamu. Asubuhi, kabla ya kengele, daftari la mwanafunzi mmoja hodari huzunguka darasani, na kosa lake moja huonekana tena katika daftari zote za wenzake, likiwa limenakiliwa kwa uaminifu mkubwa. Wako wanaomlipa kijana wa darasa la juu ili awafanyie kazi. Siku hizi tena kuna simu: mtoto hupiga picha ya swali, na programu humletea jibu pamoja na hatua zake zote, zimepangwa vizuri kuliko ambavyo yeye angezipanga. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ni fupi kweli, maana inaishia kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuwalaumu vijana. Madarasa yetu mengi yamejaa kupita kiasi, na mwalimu mwenye daftari nyingi za kusahihisha hana budi kutazama mstari wa mwisho na kutia alama. Umeme hukatika. Kazi za nyumbani ni nyingi, na maji yanachotwa mbali. Kijana akishaona kwamba kinachotazamwa ni mstari wa mwisho, ataushughulikia mstari wa mwisho. Basi sisi wazazi na walezi, pamoja na vyama vyetu vya walei, ndio wenye nafasi ya kutazama kile ambacho mwalimu hana muda wa kukitazama, yaani njia.

Hapo wengi watasema: "Mimi sikusoma aljebra, nitatazama nini?" Hebu tuichukue kazi yenyewe mkononi, tuone.

Mwanafunzi amepewa mlinganyo huu: 3(x − 4) = x + 10. Kwa Kiswahili cha kawaida, swali linasema hivi: kuna namba ambayo nimeipunguza 4, kisha kilichobaki nimekizidisha mara tatu, nikapata sawasawa na kama ningaliichukua namba ileile na kuiongeza 10. Namba hiyo ni ipi? Mtoto mwenye haraka huizidisha x kwa 3 na kuisahau ile 4 iliyomo ndani ya mabano. Anaandika 3x − 4 = x + 10, halafu 2x = 14, halafu x = 7. Ukurasa ni safi, mistari imenyooka, na jibu limepigiwa mstari chini. Ukimwuliza "Umemaliza?", amemaliza.

Sasa mwulize: "Umejuaje kwamba ni 7?" Mwambie airudishe 7 katika swali. Ukipunguza 4 kutoka 7 unabaki na 3; mara tatu ni 9. Upande wa pili, 7 na 10 ni 17. Je, 9 ni sawa na 17? Hapana. Mzazi hakuhitaji kujua kanuni hata moja ya aljebra. Alihitaji kujua kutoa, kuzidisha na kujumlisha, mambo ambayo mama anayeuza sokoni huyafanya kichwani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtoto atarudi nyuma mwenyewe, atalitafuta kosa lake, atafungua mabano vizuri: 3x − 12 = x + 10, kisha 2x = 22, kisha x = 11. Tena ataihakiki: 11 toa 4 ni 7, mara tatu ni 21, na 11 na 10 ni 21. Pande zote mbili zimekubaliana. Sasa anajua, na anajua kwamba anajua.

Ndugu wasomaji, tusiipite hatua hii kwa haraka, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko hesabu. Watoto wetu wanakua wakiona kwamba mambo mengi huamuliwa kwa kuangalia mtu ni wa nani, anamjua nani, au ameweka nini mezani. Wanajifunza mapema kwamba ukweli ni ule unaosemwa na mwenye muhuri. Lakini mlinganyo haumwulizi mtoto jina la baba yake. Hauna ofisi ya kupitia, hauna mjomba, haupokei kitu chini ya meza. Mtoto wa mchuuzi akiweka 11 na mtoto wa mkubwa akiweka 7, wa kwanza amepata na wa pili amekosa, wala hakuna simu inayoweza kupigwa ili mambo yageuzwe. Zaidi ya hayo, mtoto hahitaji hata kumngojea mwalimu amwambie kwamba amepata. Ameliona kwa macho yake, peke yake, penye mwanga wa mshumaa. Ni wapi pengine, katika maisha ya mtoto maskini, anapopewa uhuru wa namna hiyo? Anayemfanyia mtoto kazi yake, au anayemwacha anakili, amemnyang'anya uhuru huo akidhani anamsaidia.

Yuko atakayesema kwamba kuhakiki ni kwa wale wanaokosea tu. Mwanafunzi mwangalifu hahitaji. Si kweli, na aljebra yenyewe inatuonyesha. Tafuta namba ambayo ukiiongeza 6, kisha ukatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, utaipata namba ileile. Huandikwa √(x + 6) = x. Mwanafunzi huzidisha kila upande kwa wenyewe ili kukiondoa kipeuo: x + 6 = x². Akipanga vizuri anapata x² − x − 6 = 0, yaani (x − 3)(x + 2) = 0. Basi x ni 3 au x ni −2. Hakuna kosa la hesabu katika mistari hiyo. Lakini zirudishe namba zote mbili mwanzoni. Kwa 3: 3 na 6 ni 9, kipeuo chake cha pili ni 3. Sawa. Kwa −2: −2 na 6 ni 4, kipeuo chake cha pili ni 2, wala si −2. Jibu la pili ni la uongo.

Limeingiaje, ikiwa hesabu zote ni safi? Limeingia pale tulipozidisha kila upande kwa wenyewe, kwa sababu 2 na −2 zote zikizidishwa kwa zenyewe huzaa 4, na baada ya hapo hatuwezi tena kutambua ni ipi iliyokuwapo. Mlango ulifunguliwa kwa mgeni mmoja, wakaingia wawili. Kwa hiyo hata anayefanya kazi kwa uaminifu yampasa kurudi mwanzoni na kuuliza. Kuhakiki si adhabu ya wazembe. Ni mstari wa mwisho wa kazi yenyewe, na kazi isiyo na mstari huo haijakwisha.

Tuingie sasa katika kalkulasi, ambayo wengi wetu huiogopa hata kwa jina lake. Chukua swali ambalo, kwa sura moja au nyingine, limo katika vitabu vingi vya shule. Familia ina mita 40 za wavu wa waya na inataka kutengeneza uwanja wa kuku wenye pembe nne za mraba, ubavuni mwa nyumba. Ukuta wa nyumba utakuwa upande mmoja, na wavu utazunguka pande tatu zilizobaki. Wapime vipi ili kuku wapate nafasi kubwa kuliko zote? Kila upande unaotoka ukutani tuuite x. Pande hizo ni mbili, kwa hiyo upande wa tatu utabaki na mita 40 − 2x. Eneo la uwanja ni x(40 − 2x), yaani 40x − 2x².

Kinachofuata ndicho kinachoitwa derive. Kwa maneno ya nyumbani, ni kuuliza: nikiongeza x kidogo, eneo linaongezeka kwa kasi gani? Kwa swali letu kasi hiyo ni 40 − 4x. Mtu anayepanda kilima, kila hatua humwinua. Akishapita kilele, kila hatua humshusha. Pale kileleni penyewe, kwa nukta moja, hapandi wala hashuki. Basi kijana anatafuta mahali ambapo kasi ni sifuri: 40 − 4x = 0, kwa hiyo x = 10. Upande wa tatu utakuwa mita 20, na eneo mita za mraba 200.

"Umejuaje?" Mzazi ambaye hajawahi kulisikia neno derive anaweza kumwambia mtoto: jaribu 9. Upande wa tatu ni 22. 9 mara 22 ni 198. Jaribu 11. Upande wa tatu ni 18; 11 mara 18 ni 198. Jaribu 5: 5 mara 30 ni 150. Jaribu 15: 15 mara 10 ni 150. Huku na huku eneo linapungua, na 10 imesimama kileleni. Majaribio haya manne hayachukui nafasi ya uthibitisho, kwa maana kati ya 9 na 11 kuna namba nyingi zisizohesabika, na hizo ndizo ambazo derive inazishughulikia zote kwa pigo moja. Lakini yanamfanya kijana aione kanuni ikitenda kazi, nayo huacha kuwa wimbo wa kukariri.

Na anayekariri bila kujaribu huangukia shimo moja linalojulikana na walimu wote. Akishaambiwa kwamba derive ya jumla ni jumla ya derive, hudhani kwamba derive ya zao ni zao la derive. Derive ya x ni 1; basi, anasema, derive ya x mara x ni 1 mara 1, yaani 1. Mwambie apime. Kiwanja cha mraba chenye upande wa 3 kina eneo la 9. Upande ukiwa 3,1 eneo ni 9,61. Eneo limeongezeka 0,61 wakati upande umeongezeka 0,1. Gawanya, kasi ni 6,1. Ukitumia 3,01 utapata 6,01. Namba zinaikaribia 6, yaani mara mbili ya 3. Ziko mbali kabisa na 1. Kijana aliyekosea hapo asione haya kupita kiasi. Leibniz, Mjerumani ambaye ni mmoja wa wawili wanaohesabiwa kuwa waasisi wa kalkulasi, alijiuliza jambo hilohilo katika karatasi zake za mwezi wa Novemba 1675: je, kanuni ya zao yaweza kuwa nyepesi namna hiyo? Alilijaribu wazo lake, akaona kwamba haiwezi. Tofauti kati yake na anayenakili ni kwamba yeye alijaribu.

Sasa niseme juu ya lugha, kwa sababu hapo ndipo nyumba zetu zina nguvu ambayo shule haina. Katiba yetu ya 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kijana wa sekondari husomea hesabu katika Kifaransa. Si vibaya, ndiyo lugha ya mtihani wake. Lakini mara nyingi hubeba kichwani sentensi za Kifaransa kama mtu abebaye sanduku lililofungwa. Atakuambia upesi kwamba namba ikivuka alama ya usawa hubadili alama yake. Mwulize kwa Kiswahili: "Kwa nini ibadilike? Imefanya nini njiani?" Wengi watanyamaza.

Jibu analo mama wa sokoni. Mlinganyo ni mizani. Sahani mbili zimelingana. Ukiondoa kilo mbili upande mmoja, lazima uondoe kilo mbili upande wa pili, la sivyo mizani italala. Katika 3x − 12 = x + 10, hakuna kilichovuka: tumeongeza 12 pande zote mbili, na tumeondoa x pande zote mbili. Mtoto akilieleza hilo kwa mama yake kwa Kiswahili, kwa mfano wa mizani yake mwenyewe, sanduku limefunguliwa. Akishindwa kulieleza, basi hata Kifaransa chake ni cha kuazima. Wala tusidhani kwamba tunaishusha hesabu tunapoileta jikoni. Neno aljebra lenyewe limetoka katika jina la kitabu cha Kiarabu alichokiandika al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia ugawaji wa urithi. Ilitoka katika mambo ya nyumba. Yaweza kurudi nyumbani.

Juu ya hilo kuna mfano unaotuhusu sisi walei kwa namna ya pekee. Maria Gaetana Agnesi alizaliwa Milano, Italia, mwaka 1718, akiwa wa kwanza katika familia ya watoto 21 ambao baba yao aliwapata katika ndoa tatu. Aliwafundisha wadogo zake. Mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 30, mlei, alichapisha kitabu chenye mabuku mawili kilichoanza na aljebra na kuendelea mpaka kalkulasi, hatua kwa hatua, kwa mifano mingi. Wataalamu wengi wa wakati ule waliandika kwa Kilatini. Yeye alikiandika kwa Kiitaliano, na katika jina la kitabu alitaja kwamba ni kwa matumizi ya vijana wa Italia. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV alimteua afundishe katika Chuo Kikuu cha Bologna. Lakini baada ya baba yake kufariki mwaka 1752, aliyatoa maisha yake kwa maskini na wagonjwa, hata akawa msimamizi wa wanawake katika nyumba ya kuwatunzia wazee na wahitaji mjini Milano. Alifariki mwaka 1799.

Katika maisha hayo sioni sehemu mbili zinazopigana, hesabu upande mmoja na huruma upande wa pili. Aliyekaa na wadogo zake akawaeleza kila hatua kwa lugha waliyoielewa, ndiye yuleyule aliyekaa kitandani pa mgonjwa. Kumweleza mtu jambo mpaka alione mwenyewe ni namna ya kumheshimu. Kumtupia jibu ni namna ya kumfukuza.

Mfano wa mama huyu unatulazimisha kusema neno juu ya mabinti zetu. Nyumba ngapi, jioni, kaka huketi na daftari wakati dada anaosha vyombo, anabembeleza mtoto na kuchochea moto? Baadaye twashangaa kwamba mabinti ni wachache katika madarasa ya hesabu na fizikia, na twasema kwamba hesabu si kipaji chao. Kilichokosekana ni saa moja. Aljebra haisomwi kwa vipande vya dakika tano. Anayeitwa katikati ya hatua ya tatu hulazimika kuanza upya hatua ya kwanza. Baba anayetaka binti yake aendelee na agawe vyombo sawasawa kama anavyogawa karo.

Ziko pingamizi mbili ambazo yafaa kuzijibu. Ya kwanza inasema: katika Mtihani wa Serikali mtoto huchagua jibu kati ya majibu aliyopewa; hakuna anayesoma hatua zake; basi hatua za nini? Nami najibu: mtunzi stadi wa maswali hayo haandiki majibu ya uongo kwa kubahatisha. Huandika yaleyale yanayozaliwa na makosa ya kawaida. Katika mlinganyo wetu wa kwanza, 7 ingekuwa miongoni mwa majibu, ikimngojea aliyesahau mabano. Naye akiiona imechapwa pale kwenye karatasi, atafurahi na kuichagua bila wasiwasi. Anayeokoka ni yule mwenye mazoea ya kurudi mwanzoni na kuhakiki, na mazoea hayo hayapatikani siku ya mtihani. Hujengwa jioni moja baada ya nyingine.

Pingamizi ya pili inasema: simu inafanya yote hayo, kwa nini tumchoshe mtoto? Simu si adui. Mtoto aliyekwama saa nzima na hana wa kumwuliza, anaweza kuitazama kama anavyoweza kutazama mfano katika kitabu. Lakini akishaitazama, aifunge. Kisha mbadilishie namba: badala ya 3(x − 4) = x + 10, mpe 3(x − 5) = x + 9. Ikiwa alielewa, atafika kwenye 12 bila msaada, na ataihakiki: 7 mara tatu ni 21, 12 na 9 ni 21. Ikiwa alinakili tu, atainyoshea simu mkono tena. Jaribio hilo huchukua dakika tatu, na halimdanganyi mtu.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba vyama vyetu visiishie kuhimiza. Karibu kila parokia ina ukumbi au chumba cha darasa kinachobaki kitupu jioni. Tukifungue mara mbili kwa juma kwa wanafunzi wa sekondari. Kunahitajika ubao, chaki, taa moja nzuri, na vijana wachache wa madarasa ya juu au wa chuo watakaokuwa tayari kusaidia. Hatuhitaji kungoja mfadhili. Kanuni ziwe mbili. Ya kwanza: hakuna anayetoa jibu, anayesaidia huuliza tu, "Umefika wapi, na umejuaje?" Ya pili: kila jibu likishapatikana, lihakikiwe ubaoni na mwanafunzi mwingine ambaye si yeye aliyelipata. Wazazi wapishane kukaa pale, hata wale ambao hawakusoma sana, ili wasikilize maelezo kwa Kiswahili na kuhesabu kama mabinti wamekuja sawa na wavulana.

Si kila kijana atakayekuwa mhandisi, na wengi wataisahau kanuni ya zao kabla ya kufikisha miaka 30. Lakini wote watawekewa mbele yao mkataba wa kununua kiwanja, hesabu za chama cha akiba, ahadi ya mgombea, uvumi unaozunguka mtaani juu ya jirani wa kabila lingine. Mbele ya mambo hayo, nchi yetu ina watu wengi waliozoea kusema "nimemaliza" na wachache waliozoea kuuliza "umejuaje?". Uvumi ulionakiliwa kutoka simu hadi simu umewahi kuwagharimu watu maisha yao. Nadhani kijana aliyejifunza kutoliamini hata jibu lake mwenyewe mpaka amelirudisha katika swali, atasita kidogo kabla ya kuupokea. Na kusita huko kidogo kwaweza kuwa mwanzo wa amani.

Azimio la juma hili liwe jepesi. Jioni moja, keti karibu na mwanao akiwa na kazi yake ya hesabu. Usishike kalamu. Mwombe akueleze swali moja tu kwa lugha mnayosemezana nyumbani, kisha alirudishe jibu lake mwanzoni mbele ya macho yako. Likikataa, usimkemee, mwachie muda na taa.